Hutuzwa au Hutunzwa? Mashindano ya Kitaifa na Viwanja vya Miji ya Mlima Kenya

Kuna mjadala usiokwisha miongoni mwetu wanafunzi wa Kiswahili: je, mcheza kwao hutuzwa au hutunzwa? Wanaoshikilia *hutuzwa* hutukumbusha kwamba methali hii ilizaliwa katika uwanja wa ngoma, ambapo mchezaji aliyewakonga nyoyo watu wa kwao alipewa zawadi papo hapo. Wanaoshikilia *hutunzwa* hujibu kwamba kitenzi hicho nacho kina maana ya kumzawadia mchezaji, na juu ya hayo kina maana ya kulea na kuhifadhi. Sinuii kuukata mjadala huo hapa. Nataka kuuazima tu, kwa sababu naona umeyabeba matatizo yote ya michezo nchini mwetu. Tunajua sana kutuza. Mwanariadha akirejea na medali kutoka ng'ambo, tunampokea uwanja wa ndege kwa shada la maua na kibuyu cha maziwa ya mala. Kutunza ndiko kulikotushinda.

Rai yangu katika makala haya ni kwamba mashindano ya kitaifa, yakipangwa vyema na kupelekwa hadi miji midogo, ndiyo njia kuu ya kutunza vipaji. Na kwamba miji ya Mlima Kenya, kuanzia Nyeri, Karatina na Murang'a hadi Embu, Meru na Nyahururu, inatupa ushahidi wa faida ya mashindano hayo na hasara ya kuyakosa.

Tuanze na neno lenyewe. *Shindana* ni kitenzi cha kauli ya kutendana. Mtu anaweza kukimbia peke yake, lakini hawezi kushindana peke yake. Kijana wa Mukurwe-ini anayewapita wenzake wote kijijini hajui kama ana kasi au kama wenzake ni wazito. Atajua siku atakapokutana na kijana wa Nandi, wa Kisii na wa Kwale. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mashindano ya kitaifa: ni mizani. Kazi ya pili ni kuunda ngazi. Taifa haliwezi kuchagua bingwa wake mpaka kaunti na maeneo yachague mabingwa wao, na kila daraja la uchaguzi huo huwalazimu walimu, wazazi na viongozi wa mashinani kufanya kazi ambayo vinginevyo isingefanywa. Kazi ya tatu ni kuacha kitu nyuma: uwanja, waamuzi waliofunzwa, kumbukumbu za matokeo, na watoto waliosimama kando wakitazama.

Historia ya riadha nchini inathibitisha hayo. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951, na miaka mitatu baadaye, 1954, wanariadha wetu walikuwa Vancouver katika michezo ya mataifa ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1964 Wilson Kiprugut alituletea medali ya kwanza ya Olimpiki kutoka Tokyo, ya shaba katika mita 800. Mafanikio hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Yalitangulizwa na mashindano ya wilaya na ya mikoa, ambayo yaliwapepeta wakimbiaji mwaka baada ya mwaka. Matunda makubwa zaidi ya mpepeto huo yalionekana katika mbio za nyika. Kuanzia mwaka 1986 hadi 2003, timu ya wanaume ya Kenya ilitwaa ubingwa wa dunia mara 18 mfululizo. Katika mbio hizo ushindi wa timu hutokana na kujumlisha nafasi za wakimbiaji kadhaa, si za mmoja. Kwa hiyo, taji la timu ni kipimo cha wingi wa vipaji, na wingi huo haupatikani ila kwa mchujo wa kitaifa ulio mkali.

Katika kikosi cha miaka ile alikuwemo John Ngugi, kijana wa upande wa Nyahururu, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mbio za nyika mara tano: 1986, 1987, 1988, 1989 na 1992. Mwaka 1988 aliongeza dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 jijini Seoul. Naye Catherine Ndereba, binti wa Nyeri, alisajiliwa na Idara ya Magereza mwaka 1994, akakulia kimichezo katika mfumo wa mashindano ya vikosi vya nidhamu na ya kitaifa. Oktoba 2001, mjini Chicago, alikimbia marathoni kwa saa 2:18:47, rekodi ya dunia, wiki moja tu baada ya Naoko Takahashi wa Japani kuwa mwanamke wa kwanza kushuka chini ya saa 2 na dakika 20. Alishinda Boston mara nne, akawa bingwa wa dunia Paris mwaka 2003 na Osaka mwaka 2007, akapata fedha za Olimpiki Athens 2004 na Beijing 2008. Ukitaka kujua thamani ya ngazi isiyokatika, mtazame Ndereba: shule, kikosi, taifa, dunia.

Sasa tumtazame mwingine. Samuel Wanjiru, pia wa Nyahururu, aliondoka Kenya mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 15, akaenda kusoma shule ya upili mjini Sendai, Japani. Huko alikuta utamaduni wa ekideni, yaani mbio ndefu za kupokezana. Kila Desemba shule za upili kutoka kila pembe ya Japani hukutana Kyoto kwa fainali ya kitaifa, ambapo wavulana saba hugawana masafa ya marathoni nzima. Mtoto wa miaka 16 hukimbia mbele ya umati uliojipanga barabarani, huku nchi ikimtazama kwenye televisheni. Mwaka 2008 Wanjiru alitwaa dhahabu ya marathoni ya Olimpiki jijini Beijing kwa saa 2:06:32. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tukiwa wakweli, tutakiri kwamba sehemu kubwa ya malezi yake ya kimichezo ilifanyika katika mashindano ya kitaifa ya nchi nyingine. Sisi tulituza; wao walikuwa wametunza. Na aliporudi nyumbani na umaarufu na mali akiwa bado barobaro, hatukuwa na mfumo wa kumtunza. Alifariki Nyahururu mwezi Mei 2011, akiwa na umri wa miaka 24.

Hayo ni ya mabingwa. Niruhusuni nieleze moja la watu wasiojulikana. Nilipokuwa kidato cha pili katika shule moja ya kutwa, kusini mwa Nyeri, tulikuwa na timu ya wasichana ya voliboli. Mimi nilikuwa mwandika alama. Kazi yangu ilikuwa daftari na kalamu. Wasichana wale walicheza kwenye uwanja wa vumbi jekundu, wavu wao ukiwa umeshonwa kwa kamba za magunia, na mwaka ule waliwashinda wote, ngazi hadi ngazi, mpaka wakawa mabingwa wa kaunti. Iliyobaki ilikuwa ngazi ya eneo, kisha taifa. Siku tuliyotarajia kusafiri tuliketi gwarideni na mabegi yetu tangu alfajiri. Saa nne mwalimu wa michezo alitoka ofisini, akatuambia kwamba nauli haikupatikana. Hakuna aliyelia. Nahodha wetu alivua jezi iliyokuwa imeazimwa, akaikunja vizuri, akairudisha. Nililihifadhi daftari lile. Kurasa zake za mwisho ni tupu. Nahodha yule leo anauza nguo za mitumba katika soko la Karatina. Ni kazi ya heshima, na anaifanya kwa bidii ileile. Swali langu ni moja tu: tulijuaje kwamba hakuwa wa timu ya taifa? Hatukujua, kwa sababu hatukumpima. Malkia Strikers wetu wamefika Olimpiki Sydney, Athens, Tokyo na Paris, na wengi wao walianza kuonekana katika mashindano ya shule. Kwa kila aliyeonekana, ni wangapi waliorudisha jezi kabla ya basi kuondoka?

Wapo watakaosema kwamba taabu ni ukosefu wa viwanja. Hoja hiyo ina uzito, lakini tuichunguze. Katika miaka ya karibuni miji ya Mlima Kenya imeona viwanja vikijengwa au kukarabatiwa. Vingi vilishughulikiwa kwa ajili ya nini? Sherehe za Madaraka za mwaka 2017 zilifanyika Kabiru-ini, Nyeri. Mwaka 2018 zilikuwa Kinoru, Meru. Siku ya Mashujaa ya mwaka 2021 iliadhimishwa Wang'uru, Kirinyaga, na Madaraka ya 2023 ikawa zamu ya Uwanja wa Moi, Embu. Kila mara matingatinga yalifanya kazi usiku na mchana, nyasi zikapandwa, majukwaa yakainuka, kwa sababu tarehe ya sherehe haingoji. Tarehe ilipopita, haraka nayo ikapita.

Silaumu sherehe za kitaifa. Zimetuachia nyasi pale palipokuwa na vumbi, na Kinoru, kwa mfano, imewahi kupokea mechi za ligi kuu. Ninachosema ni kwamba uwanja uliojengwa kwa ajili ya siku moja huwa na mantiki ya siku moja. Wajenzi huuliza wageni wataketi wapi. Hawaulizi mrusha mkuki atafanyia wapi mazoezi Jumanne. Linganisha na Kasarani, iliyojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987: ulikuwa ni mradi wa michezo, na hadi leo ndio mhimili wa michezo nchini. Uwanja wa Ruring'u, Nyeri, ambako wapiganaji wa Mau Mau walisalimisha silaha mwishoni mwa mwaka 1963, ni mahali penye historia ambayo miji mingi ingeionea fahari. Hata hivyo, ukarabati wake ulikawia kwa miaka, na vijana wa mji wakabaki kuchungulia juu ya mabati. Kungekuwa na fainali ya kitaifa iliyopangiwa Ruring'u, yenye tarehe isiyosogezwa kama ya Madaraka, nina hakika kazi ingekwisha.

Meru wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Kinoru ulikuwa miongoni mwa viwanja vilivyoteuliwa kwa fainali za CHAN za 2018. Septemba 2017 Shirikisho la Soka Afrika liliipokonya Kenya uenyeji kwa kuwa maandalizi yalichelewa, na mashindano yakapelekwa Morocco. Haikuwa mara ya kwanza: tulikwisha kuupoteza uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1996. Fainali za CHAN zilipotujia hatimaye Agosti 2025, tukishirikiana na Tanzania na Uganda, mechi za Kenya zilichezwa Kasarani. Mlima uliyatazama kwenye runinga. Na sasa kwa kuwa Kombe la Mataifa la 2027 limekabidhiwa nchi hizi tatu, tunakimbilia tena viwanja vikubwa, ilhali msingi wa uenyeji wa kimataifa ni mazoea ya uenyeji wa kitaifa. Nchi isiyozoea kuwapokea watoto wake Embu na Nyeri itashtuka kila inapotakiwa kuwapokea wageni Nairobi.

Mtu atauliza: mbona tunapata medali hata bila hayo yote? Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba medali zetu ni nyingi lakini chanzo chake ni chembamba. Zinatoka katika mbio za masafa ya kati na marefu, na kwa kiasi kikubwa katika eneo moja la nchi, ambako kambi za mazoezi na mawakala wa kigeni wamejaza pengo la mfumo. Nje ya hapo tunategemea miujiza. Julius Yego, bingwa wa dunia wa kurusha mkuki mwaka 2015, alijifunza kwa kutazama video kwenye intaneti. Tunaisimulia hadithi hiyo kwa tabasamu, lakini ni mashtaka dhidi yetu. Kwa upande mwingine, Ferdinand Omanyala alipoweka rekodi ya Afrika ya mita 100, sekunde 9.77, Septemba 2021, aliiweka Kasarani mbele ya watu wa kwao. Kandanda nayo ina somo. Murang'a SEAL walipopanda ligi kuu mwaka 2023, mji wa Murang'a ulipata jambo ambalo hotuba haziwezi kuleta: sababu ya kwenda uwanjani wikendi, na watoto wenye timu ya kwao ya kuiga.

Mpaka hapa msomaji anaweza kuuliza: haya yanahusu nini jarida la Kiswahili? Yanahusu sana. Ushindani wenye kanuni si jambo geni katika utamaduni wa Waswahili. Washairi wa Mombasa na Lamu walijibizana kwa beti, na vikundi vya beni vikashindana kwa ngoma, na kila kundi likanoa sanaa yake kwa sababu lilikuwa na mpinzani. Katika Tanzania, mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA yanachanganya riadha na michezo ya mpira pamoja na nyimbo na ngoma. Mwili na lugha vimewekwa uwanja mmoja. Kwetu, ni wapi tena msichana wa Othaya hulala bweni moja na msichana wa Garissa na wa Busia, wakagombana, wakapatana na kubadilishana anwani, kwa Kiswahili? Mashindano ya kitaifa ni darasa la lugha ya taifa lisilo na mtaala. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, alitangaza mpira redioni hadi kikongwe aliyekuwa akichuma chai akajua maana ya *kuotea*. Waliomsikiliza katika miji hii walijifunza mchezo na lugha kwa pumzi moja. Hata jina la Kirigiti, kule Kiambu, ni ushahidi kwamba uwanja huzaa maneno: kriketi ya walowezi iliondoka, neno likabaki, likavaa sauti za wenyeji.

Ni lipi basi la kufanywa? Napendekeza mambo manne.

Kwanza, kila uwanja wa umma uwe na kalenda kabla ya kuwa na jukwaa. Serikali inapotangaza kukarabati Ruring'u au uwanja mwingine wowote, itangaze pia ni mashindano gani ya kitaifa yatafanyika hapo katika miaka mitano ijayo, na tarehe zake. Mashindano ya shule tayari yana desturi ya kuhama kutoka eneo moja hadi jingine. Riadha, voliboli na michezo ya watu wenye ulemavu ifuate nyayo hizo.

Pili, nauli iwe haki, si hisani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa serikali ya kitaifa jukumu la kuendeleza michezo na elimu ya michezo, na kaunti jukumu la shughuli na vifaa vya michezo. Kaunti zetu huwasafirisha watumishi wao kila mara kwa michezo ya KICOSCA. Hilo si baya. Watumishi nao wanahitaji afya. Lakini ni kinaya kikubwa karani akipata basi la kwenda kuvuta kamba huku timu ya shule iliyoshinda ikikosa. Timu yoyote iliyofuzu isizuiwe na nauli.

Tatu, vyuo vikuu vishirikishwe. Miji hii ina Dedan Kimathi, Karatina, Embu, Chuka na Meru. Mtaala wa umilisi umetenga mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu. Watoto hao watahitaji walimu, waamuzi, madaktari wa michezo na watafiti. Vyuo vyetu vinaweza kuwafunza wote hao karibu na viwanja.

Nne ni letu sisi. Wanafunzi wa Kiswahili tuwe watangazaji, waandishi na watunza kumbukumbu wa mashindano hayo. Mabingwa wangapi wa kaunti wameshinda na kusahauliwa kwa sababu hakuna aliyeandika? Tumezoea kukusanya methali na ngano za wazee. Tukusanye pia masimulizi ya wachezaji wa zamani wa miji yetu kabla hayajaondoka nao. Istilahi za michezo nazo hazitasanifiwa mezani pekee. Zitapatikana pale mtangazaji atakapohitaji neno sasa hivi, mpira ukiwa hewani.

Nakiri kwamba haya yatagharimu fedha, na kwamba nchi ina hospitali za kujenga na walimu wa kuajiri. Lakini sipendekezi viwanja vipya vya kifahari. Nyasi zipo Wang'uru, zipo Embu, zipo Kinoru. Kinachokosekana ni mashindano ya kuzikanyaga na basi la kuwafikisha watoto huko.

Nilipopita Karatina likizo iliyopita nilimkuta nahodha wetu wa zamani amepanga sweta kwenye turubali. Tulizungumza, tukacheka, akaniuliza kama bado ninalo lile daftari. Nikamwambia ninalo. Akasema binti yake, aliye Gredi ya 5, naye ameanza voliboli na ana mkono mzito kama wa mamake. Kisha mteja akaja. Niliondoka nikiwaza jinsi ya kuujibu ule mjadala wetu wa hutuzwa na hutunzwa. Kuhusu mama, tumekwisha chelewa: hakutuzwa, wala hakutunzwa. Kuhusu binti, bado ipo nafasi. Yeye anacheza kwao, na hajaomba shada la maua.